Mtegemea Cha Nduguye: Msimu wa 2006–2007 wa Ligi Kuu ya Wanawake

Kila mwaka kitabu chetu hiki hutenga kurasa chache za historia, na mara nyingi kurasa hizo zimekuwa za majahazi, skuli za zamani na wazee waliotutangulia kufika katika nchi hii. Safari hii nimeomba ruhusa niandike juu ya mpira wa miguu, tena mpira wa wanawake. Sababu yake ni mabishano ya arusini.

Yalikuwa mabishano ya kawaida ya wanaume walioshiba biriani. Swali lilikuwa hili: timu gani ya London iliwahi kuchukua vikombe vyote vikubwa vya msimu mmoja, vya hapa Uingereza na cha Ulaya pia? Mmoja aliitaja Tottenham ya mwaka 1961. Mwingine akasema Arsenal ya mwaka 2004, ile iliyomaliza ligi bila ya kufungwa. Wa tatu akaapa kwa jina la Chelsea. Hapo binti wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa akipitisha sinia la kahawa, akasema kwa adabu, "Ami, ni Arsenal ya mwaka 2007. Ya wanawake." Watu wakacheka. Mmoja wetu akamwambia kwamba ile haihesabiwi. Mtoto akauliza, "Kwa nini haihesabiwi?" Akasimama na sinia lake akingoja, na katika ukumbi ule uliojaa watu wazima hakupatikana aliyekuwa na jawabu.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Makala haya ni jawabu langu, ijapokuwa limechelewa.

Viwanja vya watu

Ili tuufahamu msimu ule hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwani wengi wetu hudhani kwamba mpira wa wanawake ni jambo la juzi. Sivyo. Tarehe 23 Machi 1895, huko Crouch End, kaskazini mwa London, timu mbili za wanawake zilizojiita Kaskazini na Kusini zilicheza mbele ya watu wapatao elfu kumi. Klabu yao iliitwa British Ladies' Football Club, na katibu wake alijulikana kwa jina la Nettie Honeyball. Tukumbuke kwamba Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya katika mwezi wa Julai wa mwaka ule ule. Wanawake wa London, basi, walikuwa wamekwisha kuupiga mpira kabla ya chuma cha kwanza cha reli ya Mombasa kulazwa chini.

Vita Kuu ya Kwanza vilipowachukua wanaume, wanawake waliingia viwandani, na viwanda vikawa na timu. Iliyosifika kuliko zote ni ile ya kiwanda cha Dick, Kerr, katika mji wa Preston. Tarehe 26 Disemba 1920 timu hiyo ilicheza na wanawake wa St Helens katika uwanja wa Goodison Park, mjini Liverpool, na watazamaji walifika 53,000. Fedha za viingilio zilikwenda kwenye sadaka.

Haukutimia mwaka baada ya hapo. Tarehe 5 Disemba 1921 Chama cha Kandanda cha Uingereza kilitoa amri kwamba klabu zilizo chini yake zisiwape wanawake viwanja vyao. Walisema mchezo huu hauwafai wanawake, na wakadai kwamba fedha za sadaka hazikutumiwa kama ilivyopasa. Naomba msomaji aitazame amri hiyo vizuri. Hakuna mwanamke aliyekatazwa kuupiga mpira. Walichonyimwa ni mahali pa kuupigia, na viwanja vyote vizuri vilikuwa mali ya wanaume. Hali hiyo ilidumu kwa muda wa karibu miaka hamsini. Chama cha wanawake wenyewe kiliundwa mwaka 1969, amri ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mwaka 1971 ikachezwa fainali ya kwanza ya Kombe la wanawake hapa London, Crystal Palace, ambapo Southampton waliwafunga Stewarton Thistle wa Scotland mabao 4–1.

Ligi ya taifa nayo ilingoja mpaka mwaka 1991. Ilianza na timu nane, na mabingwa wake wa kwanza walikuwa Doncaster Belles, walioshinda mechi zao zote kumi na nne. Baadaye Chama cha Kandanda, kile kile kilichotoa amri ya 1921, kikaichukua ligi hiyo chini ya uangalizi wake.

Mtunza jezi

Arsenal ya wanawake ilianzishwa mwaka 1987, na aliyeianzisha ni Bwana Vic Akers. Huyu bwana alikuwa na kazi nyingine pale klabuni: alikuwa mtunza jezi wa timu ya wanaume. Mchana alihesabu soksi na viatu vya wachezaji waliojulikana dunia nzima, na jioni alikwenda kuwafundisha wanawake waliotoka makazini. Kwa miaka mingi alizibeba kazi hizo mbili kwa pamoja, na vikombe alivyovipata na wanawake vilikuwa vingi kuliko alivyovipata mkufunzi yeyote wa wanaume katika historia ya klabu hiyo.

Wachezaji wake hawakuwa matajiri. Bibi Alex Scott, mzaliwa wa mashariki mwa London, ameeleza hadharani kwamba alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha Arsenal, akifua jezi za wanaume, kisha jioni akavaa ya kwake akaenda mazoezini. Bibi Julie Fleeting alikuwa mwalimu wa michezo kwao Scotland, akisafiri kuja kucheza na kurudi kuwahi darasa. Golini alisimama Bibi Emma Byrne wa Ireland, na katikati ya uwanja palikuwa na Bibi Jayne Ludlow wa Wales. Mbele alicheza Bibi Kelly Smith, ambaye wajuzi wengi wanamhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote waliozaliwa Uingereza.

Winga ya kushoto ilikuwa ya Bibi Rachel Yankey, mtoto wa London ambaye baba yake ni Mghana. Kisa chake kinafaa kusimuliwa majumbani mwetu. Alipokuwa mdogo alitaka kuchezea timu ya wavulana. Akanyoa nywele, akajiita Ray, jina linalotokana na herufi za mwanzo za majina yake matatu, Rachel Aba Yankey. Alicheza hivyo kwa muda wa kama miaka miwili kabla ya kugunduliwa. Mwaka 2000 huyo "Ray" alikuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kuandikishwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na klabu iliyomwandikisha ilikuwa Fulham ya hapa London.

Habari ya Fulham nayo tusiipite, kwa sababu ndiyo iliyotangulia kuonyesha yaliyokuja kutokea. Mwenye klabu, Bwana Mohamed Al-Fayed, aliwafanya wanawake wa Fulham kuwa timu ya kwanza ya Ulaya ambayo wachezaji wake waliishi kwa mpira tu. Alitaraji kwamba klabu nyingine zingefuata. Hazikufuata. Mwaka 2003 timu ile, baada ya kuchukua vikombe vitatu katika msimu mmoja, ilirudishwa kwenye hali ya nusu mshahara. Wachezaji wakaanza kutawanyika. Yankey, Katie Chapman na Mary Phillip, wote waliokuwa Fulham, ndio hao waliokuwamo Arsenal ya 2006–2007. Bibi Chapman alikuwa amepitia Charlton kwanza. Hawa walijua, kabla ya wenzao, kwamba neema inayotoka mfukoni mwa mtu mmoja huondoka pamoja na nia yake.

Msimu wenyewe

Mwaka 2006 timu ya wanaume ya Arsenal ilihama Highbury ikaingia uwanja mpya wa Emirates, wenye viti sitini elfu. London nzima ilizungumza habari za uwanja huo. Wanawake wa klabu ile ile waliendelea kucheza mechi zao Meadow Park, uwanja mdogo wa klabu ya Boreham Wood, nje kidogo ya London upande wa kaskazini, mahali ambapo mtu hupanda treni St Pancras na kushuka katika mji wenye utulivu kama wa Jumapili hata siku za kazi. Uwanja ule haukuwa wao. Walikuwa wapangaji.

Ligi Kuu ya Wanawake ya mwaka ule ilikuwa na timu kumi na mbili, kila timu ikicheza mechi 22. Arsenal walishinda zote 22. Hawakufungwa wala hawakutoka sare hata mara moja. Walitia mabao 119, nao wakatiwa 10. Maana yake ni kwamba kwa wastani kila mechi walifunga zaidi ya matano. Everton walikuwa wa pili, na Charlton Athletic, timu ya kusini-mashariki mwa London, wakawa wa tatu.

Msomaji anaweza kusema kwamba ligi ya namna hiyo haina ushindani. Hoja hiyo ina ukweli wake. Arsenal ilikuwa ikiwasaidia wanawake wake kuliko klabu nyingi, na tangu mwaka 2003 mpaka 2009 ilicheza mechi 108 za ligi bila ya kufungwa, mpaka Everton walipokuja kuukata mkufu huo. Lakini kipimo cha mchezaji si ligi ya nyumbani peke yake. Mwezi wa Machi 2007 waliwafunga Leeds United 1–0 wakachukua Kombe la Ligi. Kisha kikaja kipimo kikubwa zaidi, nacho ni Ulaya.

Kombe la Ulaya la wanawake lilikuwa limeanza mwaka 2001, na washindi wake wote walikuwa ama Wajerumani ama Waswidi. Katika nusu fainali Arsenal waliwatoa Brøndby wa Denmark, lakini kwa gharama: Kelly Smith alipewa kadi nyekundu, na adhabu yake ikamfungia nje mechi zote mbili za fainali. Wapinzani wao wa fainali walikuwa Umeå ya Uswidi, mabingwa wa Ulaya wa mwaka 2003 na 2004, wenye Marta wa Brazil, aliyekuwa ametawazwa mchezaji bora wa dunia wa mwaka 2006. Arsenal, bila ya mshambuliaji wao mkuu, walionekana kama watu wanaokwenda kutoa rambirambi.

Mechi ya kwanza ilichezwa Umeå, mbali kaskazini mwa Uswidi, tarehe 21 Aprili 2007. Waswidi walishambulia, Waingereza wakazuia, na saa ikaenda. Dakika tisini zilipokwisha, matokeo yalikuwa bila kwa bila. Katika dakika za nyongeza mpira ulimfikia Alex Scott, beki wa kulia, yule wa chumba cha kufulia. Akaupiga kutoka mbali. Ukaingia.

Wiki moja baadaye, tarehe 29 Aprili, Umeå walikuja Meadow Park. Walipiga mpira langoni kwa Arsenal kama mvua ya masika inavyopiga bati. Mlingoti ulisaidia, Emma Byrne akasaidia zaidi, na mabeki wakajirusha kila mahali. Mechi iliisha bila kwa bila, na kwa lile bao moja la Scott kombe likabaki London. Ilikuwa timu ya kwanza ya Uingereza kulichukua. Watazamaji wa mechi ya pili walikuwa zaidi kidogo ya elfu tatu. Kombe la Ulaya liliinuliwa katika uwanja wa kupanga.

Mwaka huo huo wanaume wa Arsenal, pamoja na uwanja wao mpya, hawakupata kombe lolote.

Siku moja, viwanja viwili

Sasa tumefika mahali ambapo historia hii inakuwa nzito. Tarehe 7 Mei 2007, siku ya Jumatatu ya mapumziko, ilichezwa fainali ya Kombe la Chama cha Kandanda la wanawake, katika uwanja wa Nottingham Forest. Ilikuwa ni Arsenal na Charlton, London kwa London. Watazamaji walikuwa 24,529, idadi ambayo fainali hiyo haikuwahi kuifikia kabla ya hapo.

Charlton hawakwenda kule kupamba shughuli. Walikuwa wamelitwaa kombe hilo mwaka 2005 kwa bao la Eniola Aluko, msichana aliyezaliwa Lagos na kukulia Birmingham. Nahodha wao alikuwa Casey Stoney, beki wa timu ya taifa. Katika dakika ya pili tu Charlton walipata bao, na kwa muda mfupi ilionekana kama mkufu wa Arsenal ungekatika siku ile. Lakini Kelly Smith alikuwa amerudi. Yeye alifunga mawili, Jayne Ludlow akafunga mawili, na Arsenal wakashinda 4–1. Hicho kilikuwa kikombe cha nne: ligi, Kombe la Ligi, Kombe la Ulaya, na hili. Hakuna klabu ya England, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kufanya hivyo kabla yao.

Jioni ya siku ile ile, katika uwanja wa The Valley, wanaume wa Charlton walikuwa wakicheza na Tottenham. Wakafungwa 2–0. Kwa matokeo hayo walishuka kutoka Ligi Kuu ya wanaume.

Katika mwezi wa Juni klabu ya Charlton ilitangaza kwamba inaivunja timu yake ya wanawake, pamoja na timu za wasichana zilizokuwa chini yake. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanaume wameshuka daraja na lazima gharama zipunguzwe. Timu iliyokuwa ya tatu katika ligi, iliyocheza fainali mbele ya watu 24,529 wiki chache tu kabla, ilifutwa kwa kosa ambalo halikulifanya. Wachezaji wake siku ile walikuwa na fainali yao wenyewe, Nottingham.

Na si hivyo tu. Mwezi wa Septemba mwaka ule timu ya taifa ya Uingereza ilikuwa na safari ya China kwenda kucheza Kombe la Dunia. Wamo waliokuwa wachezaji wa Charlton: walijiandaa kuliwakilisha taifa hali ya kuwa klabu yao imeondolewa chini ya miguu yao. Stoney na Aluko walihamia Chelsea, na wenziwao wakatafuta pengine. Baadaye walipatikana wafadhili, na timu ya Charlton ikafufuliwa, lakini ilikuwa ni jina na jezi tu. Waliozivaa walikuwa wengine. Mwisho wa msimu uliofuata ikashuka daraja.

Wazee wetu walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sijui kama aliyeutunga msemo huo alipata kuona mpira, lakini mwaka 2007 London iliufasiri neno kwa neno. Ndugu alianguka, na dada akafukuzwa nyumbani.

Waliojifunza na wasiojifunza

Kisa cha Charlton kiliwafungua watu macho. Mwaka 2009 Chama cha Kandanda kilianza kuwapa wachezaji kumi na saba wa timu ya taifa mkataba wa pauni 16,000 kwa mwaka, ili wasitegemee klabu peke yake. Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa zao. Mwaka 2011 ikaanzishwa Super League ya wanawake ya timu nane, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Arsenal. Mwaka 2018 ligi hiyo ikawa ya wachezaji wa kulipwa kwa siku zote. Tarehe 31 Julai 2022 Uingereza ilichukua ubingwa wa Ulaya katika uwanja wa Wembley mbele ya watu 87,192. Na mwaka 2024 ligi yenyewe ikatoka mikononi mwa Chama cha Kandanda ikaingia katika kampuni inayomilikiwa na klabu zinazocheza humo.

Hata hivyo methali haijastaafu. Mwaka 2017 timu ya wanawake ya Notts County ilivunjwa siku mbili tu kabla ya msimu kufunguliwa. Mwaka 2024 Reading walijiondoa katika daraja la pili, na mwaka 2025 Blackburn Rovers wakajiondoa vile vile. Kila mara maelezo ni yale yale: klabu haina fedha. Na kila mara, mkono unapotafuta cha kukata, huanza kwa wanawake.

Kwetu nako

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka ule ule wa 2007 ilitoka filamu ya Bibi Florence Ayisi, Mkameruni anayeishi Wales, juu ya Women Fighters, timu ya wanawake wa Zanzibar. Ndani yake tunawaona mabinti na akina mama wa Unguja wanaocheza mpira, wengine wakisemwa na majirani, wengine wakibembeleza ruhusa majumbani. Kwa hiyo wakati Alex Scott akifua jezi London, kulikuwa na mabinti wa Unguja wenye mapambano ya aina moja na yake, ila wao hawakuwa hata na ligi ya kulipwa nusu mshahara.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 2010 Twiga Stars ya Tanzania ilifika fainali za Afrika huko Afrika Kusini. Harambee Starlets ya Kenya ikafika fainali za mwaka 2016. Ligi ya wanawake ya Tanzania Bara ikaanza katika msimu wa 2016–2017, na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika. Na mwaka 2024 Aisha Masaka, Mtanzania aliyetoka Yanga Princess akapitia Häcken ya Uswidi, alisajiliwa na Brighton, akawa Mtanzania wa kwanza kuandikwa katika klabu ya ligi kuu ya wanawake ya nchi hii.

Msomaji ataona kwamba Simba Queens na Yanga Princess zimebeba majina ya kaka zao wakubwa. Hapana ubaya kubebwa na kaka maadamu kaka ana nguvu. Lakini waliokuwa Charlton wangetuambia tuulize mapema: siku kaka atakapoteleza, uwanja utakuwa wa nani, na jezi zitakuwa za nani?

Jawabu

Narudi arusini. Sisi tuliohamia nchi za watu tunajua vizuri kuliko wengi maana ya kukaa katika nyumba ya kupanga. Tumejenga jamii yetu hapa kwa kumbi za kukodi, sufuria za kuazimana na vyumba vya skuli tulivyopewa kwa saa mbili kila Jumamosi. Tunajua jinsi mtu anavyokuja siku moja na funguo mkononi kusema, samahani, tumebadilisha utaratibu. Ndiyo maana ilitupasa sisi, zaidi ya watu wengine, kuwafahamu wale wanawake wa 2007, walioshinda kila walichowekewa mbele yao katika uwanja wa kupanga, na wale wenziwao waliofukuzwa bila ya kosa. Badala yake tulicheka.

Mwezi wa Mei 2025 Arsenal ya wanawake ilichukua ubingwa wa Ulaya kwa mara ya pili, baada ya miaka kumi na minane, ilipowafunga Barcelona 1–0 mjini Lisbon. Katika msimu uliofuata mechi zao zote za ligi za nyumbani zilipangwa kuchezwa Emirates, ule uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka ule wao walipokuwa wakicheza Boreham Wood. Safari kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni mwendo mfupi wa treni. Wao iliwachukua miaka kumi na tisa.

Kwa wazazi na walezi watakaosoma kurasa hizi nina ombi moja dogo. Tunapowalipia wavulana ada ya klabu na kuwanunulia viatu vya mpira, tuwaulize na mabinti. Akisema hataki, ni hiari yake. Akisema anataka, basi viatu viwe vyake, visiwe vya kaka yake vilivyomkaza.

Na kwako wewe, binti yetu uliyekuwa umeshika sinia: ulikuwa na haki, na sisi ami zako tulikosea. Arsenal ya wanawake, msimu wa 2006–2007, mechi 22 za ligi na ushindi 22, vikombe vinne. Inahesabiwa.